Tujifunze kuzalisha kimeng'enya kinachotibu saratani ya damu ya watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nichangie mjadala unaoendelea kuhusu viwanda vya dawa nchini. Katika mjadala huo wengi wetu tumezungumzia vidonge, dripu, pamba na glovu, vitu ambavyo kwa hakika vinahitajika kila siku, lakini sijaona mtu akigusa lile kundi la dawa ambazo hazipatikani kwa kuchanganya kemikali bali kwa kukuza bakteria na kuvuna kile wanachokitengeneza. Mimi ni mteknolojia wa maabara na ninafundisha vijana wa fani hiyo hapa Tabora. Ninachotaka kukitetea ni kimoja: nchi yetu ianze sasa, kwa hatua na kwa nidhamu, kujifunza namna ya kuongeza mavuno ya vimeng'enya vya tiba, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, vinavyozalishwa na bakteria, na kianzio kiwe asparajinesi, dawa inayotumika kutibu watoto wenye saratani ya damu.

Kwa wasiokifahamu, kimeng'enya hiki hufanya kazi ambayo kuieleza ni rahisi. Seli za mwili wetu zinahitaji asidi amino iitwayo asparajini ili kujenga protini, na seli nyingi zenye afya zina uwezo wa kujitengenezea asparajini hiyo zenyewe. Seli za lukemia kali ya limfu, ambayo ndiyo saratani inayowapata watoto kuliko nyingine yoyote, kwa kawaida hazina uwezo wa kutosha wa kujitengenezea, kwa hiyo hutegemea ile inayopita katika damu. Mgonjwa akichomwa sindano ya asparajinesi, asparajini iliyomo katika damu huvunjwa na kuwa asidi aspartiki na amonia, seli za saratani hukosa riziki yao na kufa, ilhali seli nyingi zenye afya huendelea kuishi. Dawa hii haitumiki peke yake. Huchanganywa na nyingine kama vinkristini na dawa za jamii ya steroidi, lakini ikikosekana katika wiki zile za mwanzo za tiba, nafasi ya mtoto kupona hupungua.

Historia yake inafundisha. Mwaka 1953 mtafiti wa Marekani, John Kidd, aliona kwamba seramu, yaani majimaji ya damu, ya simbilisi iliangamiza uvimbe wa saratani ya limfu katika panya wa maabara. Simbilisi ni mnyama yule yule mdogo ambaye baadhi ya familia nchini humfuga kwa ajili ya kitoweo. Mwaka 1961 J. D. Broome alionyesha kwamba kilichofanya kazi hiyo ndani ya seramu kilikuwa asparajinesi. Ugunduzi ulikuwa mkubwa, lakini ungeishia maabara, kwa sababu hakuna idadi ya simbilisi ambayo ingeweza kutoa seramu ya kutibu watoto wa hata wilaya moja. Njia ilifunguka mwaka 1964, pale Mashburn na Wriston walipoonyesha kwamba asparajinesi inayotolewa katika bakteria Escherichia coli nayo inapambana na uvimbe vilevile. Tangu hapo swali likahama. Halikuwa tena kama dawa inafanya kazi, bali lita moja ya bakteria inatoa dawa kiasi gani, na hilo ndilo swali linaloamua bei ya chupa hadi leo.

Mzazi wa Urambo, Sikonge au Kaliua ambaye mtoto wake amegundulika kuwa na lukemia hatibiwi hapa mkoani. Hupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 300 kutoka Tabora mjini, au kwenda Muhimbili, Dar es Salaam, kwa treni ya usiku na mchana. Tiba yenyewe huchukua miaka miwili hadi mitatu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wanaougua saratani hupona, lakini katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki asilimia 30, na mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kuhakikisha kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 60 ya watoto hao duniani wanaishi. Sababu za pengo hilo ni nyingi: ugonjwa kugunduliwa kwa kuchelewa, familia kukatisha tiba kwa kukosa nauli na chakula, upungufu wa madaktari bingwa. Kukosekana kwa dawa ni mojawapo, na ndiyo inayonihusu mimi kama mtu wa maabara.

Asparajinesi imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini watengenezaji wake duniani ni wachache. Ile inayotokana na bakteria wa jamii ya Erwinia, ambayo hupewa watoto ambao miili yao inakataa ile ya E. coli, kwa miaka mingi ilitegemea uzalishaji wa Porton Down, Uingereza, na mara kadhaa ilipungua hata hospitali za Marekani na Ulaya zikahangaika kuitafuta. Ikiwa wenye fedha wamekaa foleni, sisi tulio mwisho wa foleni hiyo tuna sababu ya kujiuliza.

Jibu lililopatikana kwa uhaba huo ndilo kiini cha barua hii. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha asparajinesi mpya ya Erwinia ambayo haizalishwi na Erwinia mwenyewe. Jeni yake ilihamishiwa katika bakteria mwingine, Pseudomonas fluorescens, ambaye hukua haraka, huvumilia msongamano mkubwa ndani ya tangi na hutengeneza protini ya kigeni kwa wingi. Kimeng'enya ni kile kile cha zamani, na kilichobadilishwa ni yule anayekizalisha. Watu hawakuhitaji kugundua dawa mpya ili kupunguza uhaba, walihitaji kuboresha mavuno.

Naomba msomaji anivumilie nieleze mavuno hayo huboreshwaje, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hudhani pana siri ya mataifa makubwa, kumbe pana kazi ya uvumilivu ambayo kijana wetu aliyefundishwa vizuri anaiweza.

E. coli ana asparajinesi za aina mbili. Ya kwanza hukaa ndani kabisa ya seli na haina mshiko wa kutosha kwa asparajini, kwa hiyo haifai kwa tiba. Ya pili, inayofaa, huwekwa katika nafasi nyembamba iliyo kati ya utando wa ndani na utando wa nje wa bakteria. Hii ya pili bakteria huitengeneza kwa shingo upande. Ukimlisha glukosi kwa wingi, hukua vizuri sana lakini hufunga jeni ya kimeng'enya hicho, na ukimpa hewa nyingi, vilevile hupunguza. Mtu anayepima wingi wa bakteria peke yake atafurahi kuona chupa imekuwa nzito kama uji, kisha apime kimeng'enya akute karibu hakuna kitu. Kwa hiyo mzalishaji lazima achague chakula chenye asidi amino za kutosha na sukari kidogo, aangalie kiwango cha oksijeni kwa saa na kwa dakika, na ajue wakati wa kuacha kukuza na kuanza kuvuna.

Hatua inayofuata ni kumchagua bakteria mwenyewe. Ipo njia ya zamani ya kuwapiga bakteria kwa mionzi ya jua isiyoonekana, wengi wakafa, kisha ukatafuta katika waliosalia yule ambaye badiliko la jeni limemfanya mzalishaji bora. Kazi hiyo ya kutafuta inafanyika hata katika maabara ya kawaida. Unatengeneza agari, yaani rojo iliyoganda ya kukuzia bakteria, ambayo ndani yake umetia asparajini pamoja na rangi ya fenoli nyekundu, unarekebisha asidi mpaka sahani iwe na rangi ya manjano, kisha unapanda bakteria. Penye koloni, yaani kundi la bakteria waliokua pamoja, inayotoa kimeng'enya, asparajini huvunjika, amonia hutoka, asidi hupungua, na kuizunguka koloni hiyo hutokea duara la waridi. Koloni yenye duara pana ndiyo unayoichukua kwa kipimo cha pili, kwa sababu upana wa duara ni dalili tu, na wapo vijidudu wanaogeuza rangi kwa sababu nyingine kabisa. Nimeona wanafunzi wakiinama juu ya sahani hizo na rula mkononi, wakibishana kwa milimita, na sijui somo lingine linalowafundisha subira na ukweli wa vipimo kuliko hilo.

Njia ya kisasa zaidi ni kuichukua jeni, kuiweka katika plasmidi, yaani kile kipande cha duara cha DNA ambacho bakteria hubeba pembeni, na kuitanguliza kwa kichocheo chenye nguvu, yaani kipande cha DNA kinachowasha jeni, kinachofunguliwa kwa amri ya mzalishaji. Hapo bakteria hukuzwa kwanza hadi wawe wengi, kisha amri hutolewa nao huanza kutengeneza. Lakini kuna hatari ya pupa: jeni ikifanya kazi kwa kasi kuliko uwezo wa seli kuikunja protini katika umbo lake, protini hujikusanya kuwa mabonge yasiyofanya kazi. Asparajinesi ya tiba huundwa na vipande vinne vinavyofanana, na vipande hivyo visipoungana inavyostahili hakuna dawa. Ndiyo maana wazalishaji wengi hupunguza joto wakati wa kuvuna na kuambatanisha jeni na kipande kinachoielekeza protini itoke nje ya chumba cha ndani cha seli. Kuitoa nje kuna faida ya pili: unaweza kuipata kwa kuushtua utando wa nje kwa tofauti ya chumvi na maji bila kuipasua seli yote, ukaepuka takataka nyingi zilizomo ndani.

Kuhusu chakula cha bakteria, sisi watu wa magharibi ya Tanzania tuna jambo la kujivunia ambalo hatujalitumia, nalo ni mabaki ya mazao yetu. Penisilini, dawa inayotengenezwa na kuvu, kabla ya vita vya pili vya dunia kumalizika, ilikuwa ikitoka kwa kiasi kidogo sana kiasi kwamba mkojo wa wagonjwa ulikusanywa ili dawa irudishwe. Kilichobadilisha hali hiyo ni kazi ya maabara ya kilimo ya Peoria, Illinois, ambako watafiti waliongeza maji yaliyobaki katika usindikaji wa mahindi kwenye chakula cha kuvu, na mavuno yakapanda mara nyingi. Baadaye, mwaka 1943, kuvu bora zaidi ilipatikana kwenye tikiti lililooza lililotoka katika soko la mji huo huo. Mabaki ya shamba, kwa maneno mengine, yaliokoa majeruhi wa vita. Tabora na Kigoma zina mashudu ya karanga, ya alizeti na ya mbegu za mawese, pamoja na pumba za mahindi zinazotupwa au kulishwa ng'ombe, na watafiti wa nchi nyingine wameshaonyesha kwamba mashudu ya karanga na ya soya yanaweza kukuza vijidudu vinavyotoa asparajinesi. Tahadhari yangu ni kwamba mashudu ya msimu mmoja hayafanani na ya msimu mwingine, na karanga zilizohifadhiwa vibaya huwa na sumukuvu. Kwa majaribio na kwa kimeng'enya cha viwandani yanafaa sana, lakini kwa dawa ya sindano chakula cha bakteria lazima kiwe kile kile kila mara na kijulikane kimetoka wapi.

Hapo nimefika mahali pagumu, na ningependa wanaotoa ahadi za haraka wasome kwa makini. Kumpata bakteria mzuri ni nusu ya kazi, na pengine ni nusu iliyo nyepesi. E. coli ana utando wa nje wenye endotoksini, kitu ambacho kiasi chake kidogo kikiingia katika damu husababisha homa kali, shinikizo la damu kushuka na hata kifo. Kimeng'enya lazima kisafishwe kwa kukigandisha na chumvi ya amonia salfeti, kupitishwa katika safu za kromatografia, yaani mirija ya kutenganisha protini moja na nyingine, zaidi ya mara moja, kupimwa endotoksini, kupimwa nguvu, kukaushwa kwa baridi na kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Lazima pia ijulikane ni kiasi gani kinavunja glutamini, asidi amino nyingine ambayo mwili unaihitaji na ambayo kuvunjwa kwake kunahusishwa na baadhi ya madhara. Katika uzalishaji wa aina hii, usafishaji mara nyingi hula fedha nyingi kuliko ukuzaji. Kwa hiyo mavuno makubwa yana maana mara mbili: yanapunguza gharama ya tangi, na yanarahisisha usafishaji, kwa sababu kimeng'enya kikiwa kingi ndani ya mchanganyiko, uchafu wa kuondoa kwa kila gramu ya dawa huwa mdogo. Chupa yenye nguvu pungufu ni mbaya kuliko kukosa chupa, maana daktari huamini kwamba mtoto ametibiwa.

Kwa sababu hiyo sipendekezi tujenge kesho kiwanda cha sindano za asparajinesi. Napendekeza tuanzie mahali ambapo kosa haliui. Asparajinesi ina kazi nyingine nje ya hospitali. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vinapokaangwa au kuokwa kwa joto kali hutokea akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani, na asparajini ndiyo malighafi yake kuu. Viwanda vya biskuti na vya krispi katika nchi nyingine hutia asparajinesi kwenye unga au viazi kabla ya moto ili kupunguza kemikali hiyo. Kimeng'enya cha chakula hakihitaji usafi wa kiwango cha sindano. Tukikizalisha hicho, vijana wetu watajifunza kuendesha matangi, kupima oksijeni, kuweka kumbukumbu za kila bechi na kutunza mbegu ya bakteria isibadilike mwaka hadi mwaka, na bidhaa itakuwa na soko wakati wanaendelea kujifunza.

Wala hatuanzi patupu. Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu vya kibayolojia kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015, ambacho hukuza bakteria wa jamii ya Bacillus katika matangi makubwa kwa ajili ya kuangamiza viluwiluwi vya mbu. Kibaha hiyo hiyo ina taasisi ya chanjo za mifugo inayozalisha chanjo ya mdondo wa kuku. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine, Muhimbili na Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha vina walimu wanaoifahamu biolojia ya molekuli. Hapa Tabora tuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi ambacho kinaweza kushughulikia suala la mashudu na ubora wake. Kinachokosekana ni kamba ya kuwaunganisha. Kijana wangu anamaliza stashahada akiwa anajua kutambua bakteria katika mkojo na makohozi, lakini hajawahi kusimama mbele ya tangi la kuchachushia hata la lita tano, na nadhani wenzake wa vyuo vingine vingi wako vivyo hivyo.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya na ile ya Elimu, kwa kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, watenge fungu la utafiti lenye lengo moja linalopimika: kuongeza kiasi cha asparajinesi kinachopatikana kwa kila lita, na matokeo yachapishwe kila mwaka, yawe mazuri au mabaya. Naomba vyuo vya afya vya mikoani viruhusiwe kupeleka wanafunzi Kibaha kwa mafunzo ya vitendo, si kwa ziara ya siku moja ya kupiga picha, bali kwa muda wa kutosha kuona bechi ikianza na ikiisha. Naomba pia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba iingizwe mapema, tangu hatua ya utafiti, ili watafiti wajue viwango watakavyodaiwa mwishoni na wasije wakarudi mwanzo baada ya miaka kumi. Na wakati kazi hiyo ikiendelea, Bohari ya Dawa iendelee kununua asparajinesi kutoka nje na ipime nguvu yake inapofika, kwa kuwa mtoto aliyegundulika wiki hii hawezi kusubiri utafiti wetu.

Bajeti ya wizara hizo bado haijasomwa bungeni. Wabunge wetu wa Tabora na Kigoma wakitaka maelezo ya kitaalamu kabla ya kuuliza swali, mimi na walimu wenzangu wa maabara tuko tayari kuwapa kwa maandishi, bila malipo.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa maabara,
Tabora